Muulize Fundi: Kwani rubani wa helikopta haoni nyaya za stima?

Mwezi huu barua zimenijia nyingi kuliko kawaida na karibu zote zagusa jambo moja, sijui ni kwa sababu toleo lililopita niligusia zile helikopta zinazopiga dawa mashambani au ni vile watu washaona video kwenye simu zao. Basi leo ni helikopta na nyaya za stima tu, wenye barua za injini za boti mnivumilie mpaka mwezi ujao. Na kwa wageni wa ukurasa huu niseme mapema, mimi si rubani. Mimi nilikuwa fundi, na kabla ya ufundi nilikuwa yule mtu wa kuchanganya dawa na kupakia kwenye tangi, nimekaa na marubani wa kazi hiyo miaka na miaka mpaka nikarudi zangu Majengo.

*Assalam aleikum fundi. Kijana wangu wa pili yuko New Zealand, alienda kusomea urubani, sasa anasema akimaliza anataka kuingia kazi ya helikopta za shambani, kumwaga mbolea na kupiga dawa. Nilifurahi mpaka mjomba wake akaniambia hao ndio wanaokufa na nyaya za stima. Nikampigia kijana, akacheka, akasema mama usijali mimi macho yangu mazuri. Nambie ukweli fundi, mtu mwenye macho yake mchana kweupe haoni waya?* — Mama wa Bombolulu

Waaleikum salaam mama. Kazi aliyochagua hainitii wasiwasi sana, kilichonitia wasiwasi ni hilo jibu lake la macho.

Hebu fanya hivi, siku ukienda Mazeras kaa dirishani kwenye matatu uzitazame zile nguzo kubwa za chuma zinazokuja upande wa Rabai. Nyaya waziona vizuri, sivyo? Waziona kwa sababu uko chini na nyuma yake kuna mbingu nyeupe. Sasa jiweke juu yake unatazama chini, nyuma ya waya hakuna mbingu tena, kuna vichaka, kuna udongo, kuna minazi na vivuli vya minazi, na waya yenyewe unene wake kama kidole, na ikishapigwa na jua na mvua miaka kadhaa ule mng'aro unaisha inakuwa kijivu, ya shaba nayo yageuka kijani kama majani yenyewe. Imepotea hapo. Na hata ukibahatika kuiona, jicho halijui iko umbali gani, manake jicho hupima umbali kwa kitu chenye umbo, mlango, mti, ng'ombe, lakini waya ni mstari tu hauna mwanzo hauna mwisho, mita 20 na mita 100 zafanana.

Halafu kuna mbio. Helikopta ikiwa yapiga dawa huenda kama kilomita 110 kwa saa, iko mita mbili tatu juu ya mimea. Hiyo ni mita 30 kila sekunde. Tuseme kijana wako ameiona waya ikiwa mita 60 mbele, ana sekunde mbili, ya kwanza inaliwa na akili ikijiuliza hiki ni nini, ya pili mkono unavuta usukani, na mashine yenyewe imejaa dawa ni nzito haikubali kuruka tu kama panzi. Kwa hivyo macho mazuri mama, kwa kazi hii, ni kitu cha kumshukuru Mungu lakini si ngao.

Rubani aliyefunzwa vizuri hatafuti waya, atafuta nguzo. Akifika shambani anazunguka juu kwanza, mara mbili mara tatu, jua akiwa nalo upande huu na upande ule, anahesabu nguzo. Akiipata nguzo anatazama mkono wake wa juu umelala vipi, kwa sababu nyaya hukata mkono ule, basi ashajua zinakoelekea hata kama hazioni. Anatazama vile vikombe vinavyoshikilia nyaya kwenye nguzo, vikiwa seti mbili zinazotazama pande tofauti basi hapo kuna tawi, kuna waya nyingine inayochepuka kwenda pahali. Akiona nyumba ina taa au pampu ya maji kati ya shamba anajiuliza stima imefikaje hapa. Na kwenye zile nguzo kubwa za chuma kuna mtego mwingine, juu kabisa kuna waya moja au mbili nyembamba kuliko zote, hizo hazibebi stima, ni za kupokea radi isipige zile za chini. Mtu anaziona zile nene, anainuka kuzipita, anafurahi, kumbe nyembamba yamsubiri juu.

Huko New Zealand aliko kuna jingine la kuongezea. Mhandisi mmoja wa kwao, Lloyd Mandeno, miaka ya 1920 alitengeneza njia ya kupeleka stima vijijini kwa waya moja tu, stima yenyewe hurudi kwa kupitia udongo. Ni rahisi, nguzo chache, waya yaweza kutoka kilima hiki mpaka kilima kile. Kwa mkulima ni baraka. Kwa rubani ni waya moja hewani na nguzo zake ziko mbali huko zimejificha kwenye miti.

Lakini mama, yote hayo bado si jambo kubwa. Jambo kubwa ni kwamba wengi wanaogonga waya walikuwa wanajua iko pale. Nasema wengi kweli. Australia wana idara ya kuchunguza ajali za usafiri, ATSB, walitazama ajali za ndege kugonga nyaya kuanzia 2001 mpaka 2010, zilikuwa 180, na 100 katika hizo ni za kazi za shambani. Wakakuta asilimia 63 ya marubani walikuwa wanajua waya ilipo kabla hawajaigonga. Wamejua, wameiona, wameikwepa, halafu wameigonga.

Moja nimeiona kwa macho yangu. Lilikuwa shamba la bara, mwenyewe na kampuni nawaacha. Asubuhi rubani kazunguka kwa juu, kateremka, kachukua kalamu nyekundu kachora karatasi, waya hii hapa yatoka kwenye transfoma yakata kona ya shamba yaenda kwenye pampu. Mimi nimesimama pembeni na ndoo namwona akichora. Akapiga kazi mpaka saa tisa, waya ile ameikwepa sijui mara ngapi. Ikabaki kumalizia, vile vipande vya pembeni ambavyo mistari mirefu haikufika, na wakati ule ule msimamizi akamwita kwenye redio kumwambia shamba la pili limeahirishwa mpaka kesho. Akajibu redio, akageuka, akaingia kwenye kona. Waya ilishika bomba la dawa la upande wa kushoto ikamzungusha akaanguka kwenye mahindi. Alivunjika mguu tu, Mungu mkubwa. Tulipofungua mlango ile karatasi bado iko kwenye kiti na mstari mwekundu pale pale alipouchora. Kipande cha waya ninacho nyumbani mpaka leo, wajukuu wadhani ni cha kuanikia nguo.

Kwa hivyo ukimpigia tena usimuulize macho. Muulize hivi, ukibakisha ile kona ya mwisho ya shamba wapanda juu ukatazama tena, au waingia moja kwa moja? Na akikwambia mama ile waya naijua, hapo ndipo ushike simu vizuri umsomee hii barua.

*Bwana fundi, toleo lililopita uliandika kwamba helikopta ikilazimika kuvuka nyaya za stima ivuke katikati ya nguzo mbili kwa sababu hapo nyaya zimelegea ziko chini. Nimerusha miaka ishirini na kitu. Nani alikufundisha hayo? Utaua watu.* — Rubani mstaafu, Nyali

Mzee wangu, umenishika na sina pa kukimbilia. Nilikosea na naomba radhi kwa wote waliosoma, hasa kama kuna kijana alikata ile karatasi akaiweka.

Ni kinyume chake. Nyaya huvukwa juu ya nguzo yenyewe. Kweli katikati waya imelegea, lakini imelegea kiasi gani huwezi kujua, saa sita jua likiwaka hulegea zaidi, jioni watu wote wakiwasha stima waya yapata joto inashuka tena, asubuhi ya baridi imekaza. Upepo nao huitikisa kando. Na katikati huna kitu cha kupimia, ndipo pale pale jicho linapodanganywa. Nguzo waiona. Ukipita juu ya kichwa cha nguzo una hakika kila kilichofungwa kwenye nguzo ile kiko chini yako, pamoja na ile nyembamba ya radi. Nguzo yenyewe lakini, si karibu na nguzo, maana pahali pa mabonde nguzo iliyo chini waya yake hupanda kwenda kwa nguzo iliyo juu ya kilima, ukisogea kando kidogo tu ukidhani uko juu yake kumbe iko nawe sawa.

Kuna wanaopita chini ya nyaya. Wako, na mzee wangu najua wawajua kwa majina. Hilo sitaliandika humu.

*Fundi mimi ni msimamizi wa shamba la miwa upande wa Kwale. Tajiri ameamua kukodi helikopta ije kupiga dawa. Rubani alikuja wiki jana bila helikopta, alikuja na gari, akataka nimtembeze shamba zima kwa miguu na jua lote lile. Kila akiona nyumba asimama aniuliza stima ya hapa yatoka wapi. Alimaliza kutwa nzima na bado anasema atarudi. Tajiri anasema huyu anatupotezea wakati tutafute mwingine. Na je, tuombe stima izimwe siku hiyo?* — Msimamizi aliyechoka miguu

Pole na miguu. Mwambie tajiri, kwa adabu, asithubutu kumwacha mtu huyo. Aliyekuja kwa gari siku moja kabla ndiye wa kumlipa. Yule wa kushuka na helikopta akauliza wapi dawa wapi chai nianze, huyo ndiye wa kumwogopa.

Kwa nini anauliza kila nyumba? Kwa sababu tangu serikali ilipoanza ule mradi wa Last Mile wa kuwafikishia watu stima mwaka 2015 nguzo zimeota vijijini kama uyoga, na ni jambo zuri hilo, mimi mwenyewe kwa shangazi yangu kule ndani stima imefika hajapata kuota. Lakini kwa rubani maana yake ni kwamba ramani ya mwaka juzi haina kazi, na hata alichokiona yeye mwenyewe msimu uliopita hakina kazi. Waya yaweza kuwekwa Jumanne na yeye aje Alhamisi.

Wewe ndiye unayeijua ile ardhi, basi mwambie na yale asiyoyauliza. Kwetu huku nguzo nyingi ni za mbao, zimesimama kati ya minazi, kimo ni kile kile na rangi ni ile ile, kwa juu huwezi kutofautisha nguzo na mnazi uliokatika kichwa, sasa kila iliyo ndani ya minazi au chini ya mwembe mkubwa mwonyeshe kwa mkono, usimwambie ipo huko huko. Mwonyeshe zile nyaya za kushikilia nguzo zinazoshuka kwa mshazari mpaka ardhini, mafundi waziita stei, kwenye kona ya laini huwa mbili tatu na hushuka mbali kuliko unavyofikiri. Laini ya zamani isiyo na stima tangu pampu iibiwe, ile mnaisahau kabisa kwa sababu haina kazi tena, mwambie. Waya ya simu na ya intaneti. Mlingoti wa redio wenye kamba zake.

Na kuna ile ambayo hakuna atakayeitaja. Mtu kavuta stima kutoka kwa jirani, waya imepita kwenye mikanju mpaka kwenye kibanda chake, haina nguzo haina mkono haina kikombe, rubani mwenye akili zote hawezi kuikisia. Waite wafanyakazi na majirani, wakalie kikao, sema leo hatutafuti mwizi wala hatumpeleki mtu kwa chifu, twataka kujua tu nyaya ziko wapi. Wape na chai. Utashangaa zitakazotokea.

Kuhusu kuzima stima, mwaweza kuomba na haina ubaya, lakini msijidanganye kwamba ndiyo dawa. Waya isiyo na stima hukata vile vile. Faida yake ni moja tu, mambo yakiharibika hakuna atakayepigwa shoti kwenda kumwokoa.

Siku yenyewe sasa. Mwenye neno na rubani alimalize kabla hajapanda, akishakuwa hewani hakuna kumwita kwenye redio kumuuliza chakula ama kumwambia tajiri amebadilisha mawazo anataka na lile shamba la ng'ambo lipigwe leo leo. Lile la ng'ambo hajalitembea. Likitakiwa, ateremke, alitembee, au aje siku nyingine. Mkiona amepanda juu akazunguka katikati ya kazi msipige kelele kwamba anachoma mafuta, anatazama tena. Mkianza asubuhi mapema upepo umetulia ni vizuri kwa dawa, ila jua liko chini, asipewe mistari ya kuelekea jua, na ikiwezekana mistari yake yote ifuate nyaya kwa ubavu isizikate. Haya atayapanga yeye, kazi yako ni kumzuia tajiri.

Na asiombwe lifti. Kila shamba kuna mtu anataka kupandishwa apige picha.

*Fundi, kunguru hukaa kwenye waya siku nzima hafi. Helikopta nayo iko hewani haijagusa chini. Sasa rubani anapigwaje shoti?* — Kijana wa Kisauni

Swali zuri na jibu ni kwamba mara nyingi hapigwi. Kunguru hawa wetu, ambao shirika la wanyamapori, KWS, lilitangaza vita nao 2024 na bado wako juu ya nyaya wakitucheka, hawafi kwa sababu wagusa waya moja tu na stima haina njia ya kutokea. Akinyoosha bawa akagusa na ya pili, au akagusa na chuma kilichoshuka ardhini, kwisha. Helikopta ni vivyo hivyo, ikiunganisha waya mbili utaona moto mkubwa wa ghafla. Lakini kinachoiangusha si stima, ni kwamba waya ni kamba ya chuma. Inajiviringisha kwenye shina la pangaboi la juu, inavunja vile vifimbo vinavyoelekeza mapanga, au inakata mkia, na helikopta bila pangaboi la mkia huzunguka kama pia.

Shoti inakuja baadaye, ikiwa chini. Na hapa nataka usome polepole kwa sababu nawajua watu wetu, kitu kikianguka boda boda zote za mtaa zishafika na simu ziko juu. Waya ikiwa imelala kwenye helikopta au ardhini, ardhi yenyewe ina stima, ukikanyaga mguu mmoja hapa na mwingine kule stima yapita katikati yako. Hata kama waya haitoi cheche, hata kama taa za mtaa zimezimika, maana huko stesheni ya stima mitambo yaweza kuirudisha stima yenyewe. Kaeni mbali mita 10 na zaidi, pigeni 97771 ya Kenya Power na 999, zuieni watu. Aliye ndani kama hakuna moto akae ndani asitoke. Ukiwaka moto hana budi, basi aruke miguu yote miwili pamoja, asiwe ameshika mashine huku mguu uko chini, halafu aende kwa kuburura miguu bila kuinyanyua au kwa kuruka ruka miguu ikiwa pamoja, asikimbie. Ni vigumu kumwambia mtu anayeungua asikimbie lakini ndivyo ilivyo.

*Mimi ni fundi wa nyaya, Changamwe. Mbona yasiwekwe yale mabonge ya rangi kwenye laini zote? Au hata wakulima watundike mitungi ya plastiki?* — Mpanda nguzo

Mwenzangu, kuhusu mitungi, wewe mtu wa nyaya wasema hivyo? Nacheka lakini naogopa kuna mtu atasoma akapanda. Asipande mtu.

Yale mabonge yana kanuni zake za kimataifa, shirika la usafiri wa anga la ICAO linataka yasipungue sentimita 60 upana, na ya kipimo hicho yapishane mita 30. Sasa wewe wajua waya ya 11 kV, yaani volti elfu kumi na moja, ilivyo, uitundikie mipira kila mita 30 nchi nzima, uzito, upepo wa kusi unaisukuma, nguzo ya mbao imeshaliwa na mchwa, utarudi kupanda nguzo kila wiki. Ndiyo maana huwekwa pahali maalum, karibu na viwanja vya ndege, nyaya zinazovuka mito na mabonde. Australia kuna wakulima wanaowekewa alama kwenye laini za mashamba yao na mimi naona ni jambo la maana, kwa shamba kubwa linalopigwa dawa kila msimu gharama yake si kitu. Ubaya wake mmoja, rubani akizoea alama ataanza kudhani pasipo alama hapana waya.

Kuna na visu. Wakanada walivitengeneza mwishoni mwa miaka ya 1970, kimoja juu ya paa la helikopta na kimoja chini, na chuma katikati ya kioo cha kuiteleza waya mpaka iingie kwenye kisu ikatike. Vimeokoa watu, sivisemi vibaya. Lakini vyataka waya ije mbele na helikopta iwe na mwendo, ikikupiga kwenye mabomba ya dawa au kwenye miguu ya helikopta au nyuma, kisu kiko pale kinatazama tu.

*Fundi haya yote ya nini na drone zipo? Rubani akae chini ya mwembe abonyeze vitufe.* — Mwanafunzi, Nyali

Nakubaliana nawe nusu, na nusu yenyewe ni kubwa, drone ikigonga waya hakuna mama wa kuamshwa usiku. Ukubwa nao wakua, kama ile DJI Agras T40 tangi lake la dawa ni lita 40, kwa shamba la ekari chache imetosha kabisa na helikopta hapo ni kujionyesha tu. Kwa ekari elfu na mkataba wa siku mbili, mtabadilisha betri mpaka mlie.

Ila usidhani drone yaona nyaya. Zina rada na kamera za kukwepa vitu, lakini waya nyembamba kwa kifaa ni shida kama ilivyo kwa jicho, kwa hivyo kutembea shamba kuko pale pale, kuuliza nyumba kuko pale pale, na ikinasa utawakatia kijiji kizima stima. Halafu hii si toy. Kanuni za 2020 zasema lazima upitie kwa KCAA, mamlaka ya usafiri wa anga, upate kibali na leseni, na usipite futi 400. Wewe uko Nyali na ndege za uwanja wa Moi zashuka ng'ambo tu hapo, usije ukaijaribu uwanjani kwenu jioni.

*Fundi injini ya boti yangu yatoa moshi mweupe.* — Mvuvi, Mji wa Kale

Nimesema mwezi ujao. Lakini angalia kama maji yameingia kwenye dizeli.